Ufa Usiozibwa

Kule aliletwa saa nane mchana
juu ya pikipiki, kati ya dereva na mkewe,
amefungwa leso kiunoni asianguke.
Alikuwa akilia, wala si kwa huzuni:
machozi, kamasi, mate, jasho,
kila mfereji wa mwili umefunguliwa
na mwenye ufunguo hayupo.
Mboni zake ncha mbili za sindano.

Nikanusa shati. Kitunguu saumu kilichooza,
na nyuma yake petroli.
"Nyanya?"
"Nyanya," akajibu Kabugho. "Pampu inavuja.
Tangu msimu ule wa kwanza inamvujia mgongoni."

Usiku, zamu yangu, wodi ya Bwera,
akaniuliza swali ambalo chuo cha uuguzi
hakikuniachia jibu lake:
"Sista, vidole vyake vinagongagonga kitanda.
Anaongea na nani?"

Nikamwambia: waijua Mpondwe, siku ya soko.
Wewe uko huku, mteja yuko Kongo,
na kati yenu mto Lhubiriha.
Mwilini nako ni hivyo.
Neva haigusi neva, wala haigusi msuli.
Kuna ufa, mwembamba
kama unywele uliopasuliwa mara elfu.
Wenye elimu wameuita sinapsi.
Umeme ukifika ukingoni hukwama,
hapo hutua mzigo:
vifuko hupasuka, vijitone huvuka,
hubisha hodi ng'ambo.
Kunja kidole. Fumba jicho. Vuta pumzi.

Wahenga walionya, usipoziba ufa utajenga ukuta.
Ufa huu hawakuuona.
Sisi tunaishi ndani yake.

"Na mzigo ukishapokelewa?"

Hapo alinishinda kidogo. Nikanywa chai iliyopoa.
Kuna mfagizi, nikasema.
Neno likishasikika yeye hulifagia,
kabla hujapepesa,
ili neno lijalo likute uwanja mweupe.
Miaka yote nilidhani muujiza ni kusema,
kumbe ni kile kimya
kati ya neno na neno.

Dawa imemtia mfagizi pingu.
Ndivyo inavyomuua funza wa nyanya,
na haijui kumtenga funza na mwenye shamba.
Sasa soko halitawanyiki. Kunja, kunja, kunja,
hodi juu ya hodi,
mpaka msuli uliochoka kuitikia
unalegea kama kamba iliyolowa.
Na pumzi, Kabugho, nayo ni kazi ya msuli.

Ninachofanya mimi ni kutia pamba masikio ya ng'ambo,
atropini, kila dakika tano,
nikisikiliza kifua kikikauka.
Vidole haiwezi kuvituliza.
Ile dawa ya kumfungua mfagizi
tuliiagiza mwezi wa pili.
Stoo ina nakala ya barua.

Mimi si wa milima hii, kwetu ni Busia.
Usiku kucha nilimsikia akimwita mumewe, Kule, Kule,
na Kiswahili changu kikawa kinanidanganya:
nikageuka kila mara kutazama mbali,
dirishani, gizani,
kana kwamba ananionyesha mtu anayeondoka.

Saa kumi na moja alfajiri nikaweka vidole viwili
kiganjani mwake. Bana, nikasema.
Akabana.
Nikasubiri. Hesabu ya moja, ya mbili.
Wengi husherehekea kubana.
Mimi nilikuwa nangoja lile jingine,
na likaja, taratibu, kidole kimoja kimoja:
akaachia.

Kabugho alitazama, akajifunga leso upya.
Hakulia. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu
aliyekwisha kuhesabu karo kichwani,
"Na zile nyanya alizopiga dawa jana?
Ijumaa ni soko."